Marehemu wa Soko la Jumapili

Chicago, 10 Machi 1958

Dada yangu Odessa,

Pokea salamu zetu sote. Sisi wazima. Wifi yako Verlene anaumwa goti la kushoto, lakini ulimi hauumwi, ananisema kutwa nzima kama kawaida. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara ni tope tupu. Kule kiwandani wameniondoa kwenye kuchinja, sasa napakia nyama kwenye mabehewa. Msalimie shemeji Ambrose, mwambie asali yake tuliimaliza kwa siku nne.

Kundi letu la wapiga harmonika bado linakutana sokoni kila Jumapili baada ya ibada. Ungetuona ungecheka, watu wazima na mvi zetu tumekaa juu ya makreti. Tunavuta waya wa umeme kutoka dirishani kwa Mama Ruthie, tunaunga amplifaya yangu, ile ambayo kitambaa cha spika kimechanika, halafu tunapokezana. Hosea Crump ana maikrofoni ya chuma, nene kama kiazi, ilikuwa ya ofisi ya teksi. Ukiishika pamoja na harmonika ndani ya viganja, ukapuliza, sauti inatoka nzito kama ng'ombe aliyefungiwa bandani. Hakuna anayemnyima mwenzake zana. Ulimi wa shaba, kile kibati kinachotoa sauti, ukivunjika kwenye harmonika yako, mwingine anafungua mbovu yake akutolee ulimi wa kubadilisha. Tunatukanana sana, lakini hakuna anayekosa pa kupigia.

Januari alitujia mgeni kutoka St. Louis. Anaitwa Eddie Nance. Mwembamba, ndevu mpaka kifuani, miwani myeusi, meno mawili ya mbele hana. Alikuja na harmonika moja mfukoni na hakuna kingine. Hosea akampa maikrofoni atumie, mimi nikampa nafasi kwenye amplifaya, mzee Otha Peebles akamkabidhi harmonika mbili za sauti tofauti. Anapiga, dada! Anapiga mpaka wauza kuku wanaacha kuita wateja.

Wiki iliyopita aliniletea harmonika yake, akasema tundu la nne limekufa, nimtazamie. Hosea naye ni fundi, tena anakaa karibu naye zaidi, lakini alinipa mimi. Jana jioni nikang'oa misumari, nikatoa kifuniko. Bisibisi iliniponyoka mkononi. Ubao wa kati umepakwa nta ya nyuki pande zote ili mate yasiuvimbishe. Na kila ulimi umekwaruzwa kwa wembe karibu na ncha, mistari miwili ya mshazari, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nilipata kumjua mtu mmoja tu aliyekwaruza hivyo. Alinifundisha kwenye ngazi za nyumba yenu, mwaka wa thelathini na nne, wewe ukimenya kunde na kutuambia tunyamaze.

Verlene aliniuliza kama nimeona jini. Sasa nakuuliza, usinikasirikie. Mwaka wa arobaini na saba kofia na viatu vya mumeo wa kwanza, Wardell, vilionekana ukingoni mwa mto. Nilipofika kutoka huku nilikuta sanduku limeshapigiliwa misumari, nikaambiwa mwili umeopolewa chini kule na hautazamiki. Je, kulikuwa na mtu ndani ya lile sanduku?

Nijibu upesi, tafadhali.

Ndugu yako,
Lucius Tolliver


Shamba la Hadley, Mississippi, 6 Aprili 1958

Mdogo wangu Lucius,

Barua yako imefika, na sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Shangazi Pearlie amepata miwani mpya, sasa anaona kila kosa la kila mtu kanisani. Kuku kumi na mmoja wameangua. Ambrose ameanza kulima na nyumbu wa kukodi, mnyama mwenye kiburi kuliko mchungaji wetu. Paa la kanisa linavuja pale pale nilipozoea kukaa, kwa hiyo nimehamia kwa wanakwaya.

Bwana Pruitt wa dukani, ambaye ndiye anayegawa barua siku hizi, anasema barua yako ilimfurahisha. Nimemwambia wewe ukinywa huwa unaona wafu.

Wardell alikufa, tukamzika, nawe ulikuwepo. Watu wengi wanajua kukwaruza shaba. Acha pombe, Lucius. Usiniandikie tena habari za marehemu wala za muziki. Niandikie habari za goti la Verlene.

Dada yako,
Odessa Pickett

Huyo mgeni wenu, anapata chakula?


Chicago, 21 Aprili 1958

Dada yangu,

Barua hii anakuletea Bibi Lula Birdsong mkono kwa mkono. Anakuja huko kumzika dada yake, na nimemwapisha asiitoe mfukoni mpaka amekuona kwa macho. Nisamehe kwa ile ya kwanza. Sikujua dukani wanafungua barua. Niliposoma maneno yako kuhusu Bwana Pruitt nilihisi mtu amenimwagia maji ya barafu mgongoni. Verlene hajambo, goti linaendelea.

Mimi sinywi, na unajua kwamba sinywi. Kwa hiyo nimejua kuna jambo.

Jana sokoni nilimrudishia Eddie harmonika yake. Akaipuliza, akatabasamu, akasema, "Mkono wako mwepesi, fundi." Nilisubiri zamu yake. Alipofumba macho na kuingia katikati ya wimbo, nikasimama nyuma yake, nikasema polepole, "Wardell."

Hakugeuka. Lakini pumzi ilikatika. Amplifaya ilibaki inavuma peke yake, watu wote wakatazama waya wakidhani umechomoka.

Hosea akaniuliza, "Umemwambia nini?"

"Nimemwita jina lake."

"Jina lake Eddie."

Mzee Otha akanishika mkono. "We Lucius, hapa hatumuulizi mtu alikotoka. Nusu ya watu wa soko hili waliondoka Kusini na majina waliyoyaacha kwenye treni. Ukianza kuuliza, utabaki unapiga peke yako."

Eddie akaweka maikrofoni juu ya kreti, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akavua miwani. Dada, lile jicho la kulia lenye doa la maziwa! Hata angefuga ndevu mpaka magotini ningemjua. Akanitazama, akavaa miwani, akaondoka kwa miguu kuelekea relini bila kuaga.

Usiku ule sikugusa chakula. Nilimlilia mtu yule, Odessa. Nilibeba jeneza lake. Nani amenifanya mjinga?

Umeuliza kama anapata chakula. Anapata. Kila Jumapili anakula soseji mbili na vitunguu, anafuta mchuzi kwa mkate.

Lucius


Shamba la Hadley, 11 Mei 1958

Lucius,

Bibi Lula anarudi kesho na barua hii. Alimzika dada yake vizuri, watu walikuwa wengi. Kuanzia sasa niandikie kwa mpwa wake, mwalimu Birdsong, mjini Clarksdale, posta ya mjini hawana haja na barua zetu. Yeye ataniletea.

Sasa kaa chini kwanza. Verlene asisome kwa sauti.

Ilikuwa saa sita mchana, nyumbu wanapumzika. Wardell alikuwa kivulini kwenye banda akipuliza harmonika yake. Msimamizi Crandall akamwambia anyamaze. Wardell hakusikia, au alisikia akamalizia wimbo, sijui. Crandall akampokonya ile harmonika, akaitupa chini, akaisaga kwa kisigino cha buti. Wardell akamsukuma. Basi, kumsukuma tu. Mzungu akaanguka juu ya jembe la kukokotwa, mkono ukavunjika, mfupa ukaonekana.

Unajua kilichokuwa kinafuata, kamba na mti. Saa tisa mbwa walikuwa wameshafunguliwa. Wardell alikuja nyumbani kupitia mfereji, nikampa buti za marehemu baba na mkate wa mahindi ndani ya leso. Nikachukua viatu alivyovua na kofia yake, nikaviweka ukingoni mwa mto, halafu nikaenda barabarani nikapiga yowe mpaka sauti ikakauka. Wazungu walikuja, wakaona viatu, wakacheka. Crandall alisema mto umewapunguzia kazi.

Lakini Crandall hakuwa mjinga. Bila kaburi angeendelea kuuliza. Kwa hiyo mimi na shangazi Pearlie tulijaza magunia mawili ya mchanga, tukayafunga kwa shuka, tukapigilia misumari sisi wenyewe. Tuliwaambia watu samaki walikuwa wamemmaliza uso. Ulibeba mchanga, Lucius. Ulikuwa upande wa mbele, ukilia kwa sauti, nami nilijiuma mdomo hadi damu ikatoka. Sikuweza kukuambia. Wewe ukifurahi unajulikana ng'ambo ya pili ya barabara.

Tuliagana kwamba akifika salama atanitumia kadi tupu, isiyo na neno, nami nitajua. Nilikwenda dukani kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Kadi haikuja. Mwaka wa nne nikasema, kumbe mto ulimchukua kweli, au mbwa walimpata mbele kule. Nikamlilia, safari hii kwa haki. Lakini watu walikuwa wameshamaliza kulia siku nyingi. Nililia nikifua nguo, ili nikionekana na macho mekundu niseme ni sabuni. Baadaye akaja Ambrose, mjane, mtu mpole. Nikaolewa.

Na sasa unaniambia anakula soseji.

Muulize kwa nini. Muulize hilo tu, halafu uniandikie maneno yake kama atakavyoyatamka. Usiyapambe, usimwonee huruma.

Odessa


Chicago, 2 Juni 1958

Dada yangu Odessa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na Verlene anakusalimu. Amesoma barua yako. Hakusoma kwa sauti. Alikaa kitandani na viatu miguuni, akasema, "Huyo dada yako ni mwanamke wa chuma," kisha akalia.

Mimi sijui niseme nini kuhusu mchanga. Kila nikiinua sanduku la nyama kazini naukumbuka uzito wake. Nilisema wakati ule, "Maskini Wardell, hata akiwa maiti ni mzito." Ulikuwa umesimama pale pale. Tuyaache.

Alipotea Jumapili tano. Jana alirudi, akakaa juu ya kreti lake kama mtu aliyeitwa mahakamani. Nilimwambia nina barua kutoka kwako. Akasema, "Isome hapa." Nikasema ni ya siri. Akasema, "Hawa wamenipa kila nilicho nacho mdomoni na mkononi. Nao wasikie." Basi nikaisoma mbele ya Hosea na mzee Otha, jua likiwaka, wauza viazi wakipiga kelele pembeni. Nilipomaliza nikamuuliza, kwa nini.

Haya ndiyo maneno yake.

"Nilifika Memphis siku ya nane, nikanunua kadi. Niliiweka mfukoni. Nilisema nitaituma nikipata chumba. Nikapata chumba, nikasema nitaituma nikipata kazi. Mwaka ukaisha. Nikaona haya ya kuchelewa, nikachelewa tena kwa sababu ya haya. Na kuna jingine, Lucius. Nilipovuka ule mto hakuna aliyenijua. Hakuna bwana, hakuna msimamizi, hakuna mke wa kumhofia. Nilipumua. Nilipenda kufa. Huo ndio ukweli wenyewe, mwandikie hivyo hivyo."

Nikamwambia, "Sasa kwa nini ulinipa mimi harmonika niifungue?"

Akasema, "Nilichoka kuitwa Eddie."

Hapo Hosea akasimama. Unajua Hosea ni mtu wa utani, hata msibani anatania. Hakutania. Alichomoa maikrofoni yake kwenye amplifaya, akazungushia waya taratibu, akaitia kwenye mfuko wa karatasi.

Mzee Otha akasema, "Hosea, kwetu hatumuulizi mtu."

"Hatukumuuliza. Katuambia mwenyewe." Akamgeukia Wardell. "Mimi nilikimbia Arkansas na watoto wawili mgongoni. Maikrofoni yangu haiendi kwenye mdomo wa mtu aliyemwacha mke analilia kwenye ndoo ya sabuni. Piga kwa mdomo mtupu."

Wardell hakubisha. Alipiga kwa mdomo mtupu, hakuna aliyesimama kumsikiliza. Mzee Otha amekasirika, kaenda nyumbani na makreti yake mawili. Kundi limevunjika kwa mchana mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa na bisibisi.

Dada, sijui nimchukie au nimkumbatie. Nilikuwa na miaka kumi na sita aliponiwekea harmonika mdomoni. Niambie unataka nifanye nini, nitafanya.

Lucius


Chicago, 6 Julai 1958

Dada Odessa,

Mwezi umekatika. Mwalimu Birdsong anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma umesimama mlangoni, ukamshukuru ukafunga mlango. Hajambo shangazi Pearlie? Ambrose je? Andika hata mstari mmoja. Verlene anasema nisikusumbue. Nakusumbua.

Lucius


Shamba la Hadley, 3 Agosti 1958

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Pamba imesimama vizuri, itafunguka mwisho wa mwezi. Shangazi Pearlie alianguka kwenye ngazi lakini kilichovunjika ni miwani tu.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipokaa niliandika matusi, na matusi yale hayakuwa yako.

Nimemwambia Ambrose. Nilimwambia mezani, sahani ya kambare iko mbele yake. Yote, tangu jembe mpaka soseji. Aliweka uma chini. Mafuta ya samaki yakaganda kwenye sahani. Nikasema, "Sema kitu, Shemasi. Hata nifukuze."

Akasema, "Kwa hiyo miaka hii sita nimekuwa naishi na mke wa mtu."

Nikasema, "Ndiyo. Na sikujua."

Akatoka. Nikasikia akitembea uani, anakwenda anarudi. Nilidhani anafunga nyumbu aende kwa mchungaji. Aliporudi alikuwa na viatu vyangu vya kanisani, amevipiga rangi mpaka vinang'aa. Akasema, "Nenda ukamwone. Ukibaki hapa utaendelea kumwona kwenye bakuli la unga. Ukiamua kutokurudi, nitumie neno. Usinitumie kadi tupu."

Nitafika Jumapili ya tarehe kumi na saba na treni ya asubuhi. Verlene asipike sana. Usimwambie yule mtu. Nataka nimkute kama alivyo.

Odessa


Stesheni ya Memphis, 18 Agosti 1958

Lucius mdogo wangu, na wifi yangu Verlene,

Naandika hapa stesheni nikisubiri treni ya kuunganisha. Nitaiposti hapa hapa. Asanteni kwa kitanda na kwa yote. Verlene, lile goti ulitie siki ya moto, usicheke.

Wewe na Hosea mlisimama ng'ambo ya barabara kama nilivyowaomba, mkaona tumekaa kwenye ngazi za nyuma ya duka la nguo, lakini hamkusikia. Mnastahili kujua.

Alikuwa amekaa peke yake, anapiga bila umeme, kofia chini. Nilisimama mbele yake. Aliona viatu kwanza, akapandisha macho. Harmonika ikabaki mdomoni, hakuitoa, Lucius, alipumua ndani yake ikawa inalia yenyewe, kuingia na kutoka, kama mtoto mwenye pumu. Nilikuwa nimejiandaa kumpiga kofi. Mkono haukuinuka. Yule niliyetaka kumpiga alikuwa mnene, ana meno yote, na ana miaka thelathini na tisa.

Nikasema, "Wardell Gaines."

Akasema, "Odessa, umenenepa." Baada ya miaka kumi na moja! Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, nadhani ndipo Hosea alipotaka kuvuka barabara.

Tulipokaa hakuomba msamaha. Unajua aliuliza nini? Aliuliza kuhusu mazishi. Nani alikuja. Nani alisema nini. Kwaya iliimba? Nikamhesabia mmoja mmoja. Nikamwambia mchungaji alisema alikuwa mume mwaminifu, akainamisha kichwa. Nikamwambia kwamba ulilia mpaka magoti yakakuishia kaburini, wanaume wawili wakakuinua. Hapo alivua miwani akajifuta. "Lucius?" akasema. "Lucius alinililia hivyo?" Alirudia mara tatu. Sikumuuliza kama angelia vile kwa ajili yangu.

Halafu akasema, "Crandall amekufa, umeniambia. Basi naweza kurudi. Au wewe uje huku. Nina chumba."

Lucius, nilipotoka nyumbani sikujua nitajibu nini likija neno hilo. Kwenye treni nilijaribu majibu yote mawili. Lakini aliposema "nina chumba", nilishtuka kuona kwamba sikuwa na hasira wala hamu. Nilikuwa nawaza kama Ambrose amekumbuka kufungia kuku.

Nikamwambia, "Wewe nilishakuzika mara mbili. Mara ya kwanza kwa uongo, na uongo ule ulikuokoa. Mara ya pili kwa ukweli, peke yangu. Sina nguvu za kukufufua. Baki umekufa, Wardell. Ukiwa hai, ndoa yangu ni dhambi na Ambrose ni mwizi, na hajamwibia mtu. Niachie kaburi langu. Nawe nakuachia jina la Eddie Nance, piga kwa jina hilo mpaka lizeeke."

Akasema, "Hilo ndilo unalotaka?"

"Hilo ndilo nililopanda treni kuja kulisema. Nilikuwa sijalijua tu."

Akakubali kwa kichwa. Hatukushikana mikono. Nilipoinuka aliniuliza kama angeweza kupiga, nikasema apige nikiwa naondoka, si mbele yangu. Mlimsikia.

Hosea alinisindikiza stesheni na mfuko wake wa karatasi. Nilimwambia amrudishie ile maikrofoni. Alikataa. Nikamwambia, "Aliyeumizwa ni nani, mimi au wewe?" Akacheka kidogo. Hakuniahidi, lakini alinisikia, na mzee Otha mkamrudishe na makreti yake. Wardell msimpende kwa ajili yangu, wala msimfukuze kwa ajili yangu. Alichokifanya atakibeba mwenyewe, ila mtu hawezi kukibeba bila kupiga.

Wanaita treni ya Clarksdale. Ambrose atakuwa stesheni, najua, ingawa sikumtumia neno. Atakuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi, ili kama nimekuja kuchukua vitu vyangu isionekane alikuwa ananingoja. Miaka sita nimempikia, nimemfulia, nimemwita Shemasi mbele za watu na hata tukiwa wawili. Leo nikishuka nitamwita mume wangu. Neno hilo sijawahi kumwambia, Lucius. Sikujua kwamba lilikuwa bado linamsubiri mtu mwingine.

Dada yako,
Odessa